PANYA WA PLOTI NI SHAURI LETU SOTE



Kila mwaka mahindi yanapovunwa hapa Uasin Gishu, tangu Oktoba mpaka Desemba, wageni wawili huingia katika vyumba vyetu vya Langas, Huruma, Munyaka na Kipkaren. Mgeni wa kwanza ni gunia la mahindi, lililotoka katika kipande cha shamba tulichokodi au kwa wazee nyumbani, na huyo twampokea kwa furaha. Mgeni wa pili ni panya. Shamba likiisha kuvunwa yeye hana chakula wala majani ya kujifichia, basi hufuata mahindi yalikokwenda. Hakuna aliyemkaribisha, hatoi kodi, na akiisha kuingia haondoki kwa kuambiwa.

Twajua wako wenzetu watakaosoma kichwa cha maneno haya na kucheka. Watasema, Chama kina mashauri ya mishahara, ya saa za kazi, ya watu waliofukuzwa bila notisi. Mbona karatasi yetu inapotezwa kwa panya? Wengine watasema panya ni shauri la wanawake jikoni. Twawajibu kwa hesabu, maana mfanya kazi hufahamu hesabu upesi.

Panya mmoja wa nyumbani hula nafaka kiasi cha gramu 15 kwa siku. Tuseme katika chumba chako, pamoja na dari iliyo juu yake, wamo panya 10. Hao 10 hula gramu 150 kwa siku. Kwa siku 365 ni karibu kilo 55. Gunia lako lina kilo 90. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya gunia yaweza kwenda kwa panya, na hapo hatujahesabu mahindi waliyoyakojolea, ambayo hayafai tena kuliwa, wala gunia lililotobolewa, wala blanketi lililotafunwa, wala daftari la mtoto wa shule. Chama kikipigania nyongeza ya mshahara kwa miezi mingi, na nyongeza ile ikanunua mahindi, na mahindi yakaliwa usiku, tumepata nini? Kulinda mshahara hakukomi siku ya kulipwa.

Tena liko shauri la afya. Mkojo wa panya huchukua ugonjwa ambao madaktari huuita leptospirosisi. Vijidudu vyake hukaa katika maji na matope, na huingia mwilini kwa kidonda au mchubuko, au kwa macho na mdomo. Mwezi wa Julai 2022 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa huo ndio uliowapata watu wa Lindi, nao wakaupa jina la homa ya mgunda. Watu 3 walikuwa wamekufa. Katika kazi zetu, walio karibu zaidi na hatari hii ni wale wazoao taka, wasafishao mitaro, wafanyao kazi katika machinjio, na wale wa mashamba. Mtu wa kazi hizo akipata homa kali, maumivu ya misuli na macho mekundu, asikae nyumbani akimeza vidonge vya malaria tu. Aende kwa daktari, amwambie wazi kazi anayoifanya. Na tusisahau waya za umeme. Meno ya panya hukua siku zote, basi hana budi kutafuna, na waya iliyotafunwa juu ya dari ya mbao yaweza kuwasha moto usiku watu wamelala.

Hapo ndipo tulipo. Sasa twataka kusema jambo moja ambalo ndilo sababu ya kuandika: panya wa ploti hawezi kushindwa na chumba kimoja. Atashindwa na ploti nzima, na mwenye nyumba akiwamo, na Kaunti ikiwamo. Kila mtu akipigana peke yake, panya atashinda, nasi tutamaliza pesa zetu kwa sumu na kuhatarisha watoto wetu.

Itazameni nyumba ya landi ilivyojengwa. Vyumba 10 au 12 vimepangwa mstari mmoja chini ya bati moja. Katika ploti nyingi ukuta wa kugawa vyumba haufiki mpaka kwenye bati, na juu ya dari iko njia moja ndefu toka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Kwa sisi vile ni vyumba 12 vyenye milango 12 na kufuli 12. Kwa panya ile ni nyumba moja. Mwenye chumba cha 4 akitega mtego, panya huhamia kwa mwenye chumba cha 7, na baada ya juma moja hurudi. Mwenye chumba cha 7 akifunika chakula chake, panya hula cha jirani, lakini hulala pale pale. Panya jike hubeba mimba siku 21 mpaka 23 tu, huzaa watoto 6 mpaka 8, pengine zaidi, na watoto wale wakifika miezi 3 au 4 huanza kuzaa wenyewe. Ukiua wanne ukaacha wawili, umefanya kazi ya kupumzisha panya, hukumaliza panya. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kama chawa hakivunjiki kwa kidole kimoja, panya je?

Wala tusimdharau kwa akili. Huko Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Huyu wetu wa darini ni mdogo kuliko buku, lakini ni mwerevu. Kitu kipya akikiona katika njia yake hukiogopa siku kadhaa. Chakula kipya hukionja kidogo, na akiona kimemdhuru hakigusi tena. Ndiyo sababu mtu hununua sumu, akaiweka usiku mmoja, asubuhi akaiona iko vile vile, akasema sumu ni mbovu.

Yafaa pia tukumbuke historia ya shauri hili katika nchi yetu, maana ina mafundisho. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na tauni ni ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya. Wakubwa wa wakati ule waliamuru bazaar ya Wahindi ichomwe moto. Maduka yaliungua na watu wakapoteza mali, lakini tauni ilirudi Nairobi katika miaka ya baadaye. Mwaka 1913 Serikali ya Kiingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson kuja kutazama afya ya miji ya Afrika Mashariki. Katika ripoti yake alishauri kwamba miji igawanywe, kila rangi ya watu ikae mahali pake. Oneni jinsi shauri lilivyogeuzwa! Walipaswa kutengeneza nyumba, mitaro na maghala. Badala yake walihamisha watu. Panya hakuulizwa rangi yake, alipita kila mpaka waliouchora.

Mambo ya kutenga watu kwa rangi yamekwisha, lakini mwendo ule wa kulaumu watu haujaisha. Leo mpangaji akienda kwa mwenye nyumba kusema panya wamejaa, mara nyingi jibu ni hili: "Ninyi ni wachafu." Basi mpangaji huona haya, hurudi chumbani, hununua sumu yake kimya kimya, wala hamwambii jirani. Na jirani naye afanya vivyo hivyo, akificha. Haya hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa panya. Ni kweli wako wenzetu wanaomwaga makombo mtaroni na kuacha sufuria bila kuosha mpaka asubuhi, na hao twawaambia waache. Lakini uchafu wa mpangaji haukutoboa msingi, wala haukuacha nafasi ya ngumi kati ya ukuta na bati. Hayo ni ya mjenzi na mwenye kumlipa mjenzi.

Sasa tuseme juu ya sumu, maana hapa ndipo watoto wanapopotea. Sokoni na kwenye vituo vya matatu huuzwa sumu katika karatasi ndogo au chupa isiyo na jina. Mwuzaji hujisifu kwamba panya atakufa hapo hapo mbele ya macho yako. Ndugu, sumu inayoua panya kabla hajageuka yaweza kuua mtoto pia, na mara nyingi ni dawa kali ya mashamba iliyopunguzwa na kufungwa upya. Sheria ya Kenya ya dawa za wadudu na wanyama waharibifu, Sura 346, yakataza kuuza dawa isiyoandikishwa na bodi iitwayo PCPB, nayo yataka dawa iwe katika pakiti yake yenye maandishi. Usinunue kitu kisicho na jina, hata kama ni cha bei ndogo. Ukinunua kilicho na jina, usikichanganye na ugali ukakiweka sakafuni mahali mtoto anapotambaa. Kiwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, kimefungwa au kupigiliwa misumari, na mabaki yahesabiwe kila asubuhi. Kisiwekwe hata kidogo karibu na gunia, unga au maji ya kunywa.

Na kama mtoto amekula sumu, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, usingoje kuona kama ataugua. Mkimbize hospitali, na pakiti ile uichukue mkononi. Sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na dalili zake hutokea baada ya siku kadhaa. Mtoto aweza kucheza vizuri leo, na keshokutwa akatoka damu. Kwa aina hiyo iko dawa, yaani vitamini K, lakini daktari lazima ajue ni sumu gani. Ziko sumu nyingine zisizo na dawa ya kuzivunja, na kwa hizo kila dakika ni mali. Mwenye karatasi isiyo na jina hana la kumwonyesha daktari.

Sumu pia huua marafiki zetu. Paka akila panya aliyekula sumu, aweza kufa. Bundi vile vile. Twajua watu wengi hapa kwetu humfukuza bundi kwa mawe kwa kuwa wasema analeta habari ya kifo. Lakini bundi ni askari wa usiku asiyetaka mshahara. Kila usiku huwinda panya, na akiwa na makinda huwinda zaidi. Mwacheni juu ya mti wake. Paka naye ni mzuri, lakini paka mmoja hatoshi ploti yenye chakula kila pembe.

Basi tufanye nini? Twashauri kila ploti ifanye kama tawi la Chama linavyofanya. Wapangaji wakutane jioni moja, wachague watu watatu, na mmoja wao awe mama anayekaa nyumbani mchana, kwa sababu yeye ndiye ajuaye panya wanapopita. Kila chumba kitoe kiasi kidogo. Tuseme ni shilingi 200. Vyumba 12 vitatoa shilingi 2,400, na pesa hizo zaweza kuanzisha kazi ya mitego, sementi na kipande cha wavu wa chuma. Kisha ichaguliwe Jumamosi moja, na kazi ifanywe siku ile ile katika vyumba vyote. Chumba kimoja kikikataa, kazi ya vyumba 11 imeharibika.

Jambo la kwanza ni chakula. Unga, mchele, maharagwe na omena viwekwe ndani ya debe au ndoo yenye kifuniko cha kubana. Mahindi ya gunia, mwenye kuweza ayatie katika pipa la chuma. Asiyeweza, gunia aliweke juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja au mbili, apate kuona nyuma yake kwa tochi. Mifuko ile ya plastiki isiyopitisha hewa yafaa sana kwa dumuzi na fukusi, lakini panya huitoboa kama karatasi, kwa hiyo isiachwe sakafuni. Chakula cha kuku kisilale nje usiku. Bomba linalovuja litengenezwe, maana panya huyu hawezi kukaa muda mrefu bila maji. Taka zitiwe katika pipa lenye kifuniko, si katika mfuko ulioning'inizwa mlangoni.

Mwenye ghala lake uani au nyumbani kwa wazee alijenge juu ya miguu iliyoinuka kama mita 1, na kila mguu avishwe bati lililokunjwa mfano wa mwavuli, panya akipanda apate kuteleza na kuanguka. Ghala likae mbali na ukuta na matawi ya mti. Ukiweka bati miguuni na huku tawi la mparachichi linagusa paa, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Jambo la pili ni mitego. Mitego ya kubana ya zamani bado ni silaha nzuri, wala haina sumu. Kosa la watu wengi ni kutega mmoja katikati ya chumba. Panya hupita kando ya ukuta, akiugusa kwa manyoya yake, mpaka alama nyeusi ya mafuta huonekana. Hapo ndipo pa kutega. Upande wenye chambo uelekee ukuta. Tega mingi kwa usiku mmoja katika ploti nzima. Lakini kwanza, siku 2 au 3, weka mitego yenye chambo bila kuikaza, panya wapate kuizoea na kula bila hofu. Usiku wa nne ikazeni yote pamoja. Kwa chambo tumieni njugu iliyopondwa, omena iliyokaangwa, au kipande cha nyama kilichofungwa kwa uzi asipate kukinyakua. Watoto wasisogee. Asubuhi, aokotaye mizoga avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na mizoga izikwe. Mavi ya panya yasifagiliwe makavu vumbi likaruka. Yanyunyizieni kwanza maji yenye dawa ya klorini, kisha yafuteni.

Jambo la tatu ni matundu. Tundu linaloingia kalamu ya risasi latosha panya mdogo, na tundu linaloingia kidole gumba latosha panya mkubwa. Msizibe kwa matambara wala magazeti. Shindilieni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha pakeni sementi juu. Chini ya mlango pigilieni kipande cha bati. Juu, kati ya ukuta na bati la paa, wekeni wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. Uani, shimo la panya mlizibe kwa udongo jioni. Likiwa limefunguliwa asubuhi, mwenyewe yumo, na mitego iwekwe pale. Lisipofunguliwa siku tatu, lijazeni mawe na sementi. Nyasi ndefu zifyekwe, na kuni, matofali na mabati ya zamani yasilundikwe ukutani. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika shauri hili maneno yao ni kweli kabisa.

Katika haya matatu, mawili ya kwanza ni yetu. Lakini la tatu, hasa la msingi, paa na mtaro, ni la mwenye nyumba, nasi hatutaki wapangaji walichukue lote mabegani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, yasema nyumba iliyojaa wanyama na wadudu waharibifu na kudhuru afya ni kero ambayo sheria yaikataza. Ofisa wa afya ya umma, yule wazee waliyemwita Bwana Afya, ana nguvu ya kutoa notisi kero iondolewe. Na pale kero inapotokana na ubovu wa jengo lenyewe, notisi ile humwendea mwenye nyumba, si mpangaji. Basi wale watatu wa ploti waandike barua moja, wapangaji wote watie sahihi, waeleze matundu yako wapi na mtaro umeziba wapi. Kwanza wampe mwenye nyumba kwa adabu, kwa kuwa wako wenye nyumba waungwana ambao watatengeneza wakielezwa vizuri. Nakala waiweke. Asipojibu, nakala ile iende kwa Bwana Afya. Mpangaji mmoja akilalamika huambiwa ahame. Wapangaji 12 wakilalamika kwa karatasi moja, mwenye nyumba hukaa chini na kufikiri.

Kwa waajiri nako tuna neno. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba inayofaa karibu na kazi, au amlipe pesa za kutosha kodi juu ya mshahara, isipokuwa pale mkataba umekwisha kuzijumlisha pesa hizo ndani ya mshahara. Nyumba inayofaa si nyumba ambamo panya hukimbia juu ya kitanda cha mtoto. Wawakilishi wetu kazini wanapokwenda kutazama nyumba za kambi, watazame sakafu, paa na mahali pa taka, waandike walichoona. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yataka mahali pa kazi pawekwe safi, na mtu wa kazi ya hatari apewe vifaa vya kujilinda. Mzoa taka bila glavu na buti ni mtu aliyeachwa mikononi mwa panya. Na wenye maghala ya vyakula vya biashara wakumbuke kwamba Sura 242 yataka maghala yao yajengwe kwa namna ambayo panya hawezi kuingia. Ghala likivuja panya, wanaoyapata ni majirani.

Kaunti pia. Katika Katiba ya 2010, kazi ya kuzoa taka na kutunza majalala imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya nyumba ya kufaa na usafi wa kiasi kinachostahili. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret yetu ilipewa hati ya kuwa Jiji. Tulifurahi, na bado twafurahi. Lakini panya hasomi hati. Taka zikikaa juma zima kando ya soko, atazaa ndani ya Jiji kama alivyozaa ndani ya mji. Twaomba wajumbe wetu wa wodi waulizwe katika mikutano ya hadhara: lori la taka hupita mtaa huu siku gani, na lisipopita ni nani wa kuulizwa?

Mtu aweza kusema, haya ni maneno, panya hamalizwi duniani. Twamwonyesha Alberta, jimbo la Kanada, nchi ya ngano kama hii yetu. Mwaka 1950 panya walionekana kwenye mpaka wake wa mashariki. Serikali ya kule haikumwachia mkulima mmoja mmoja. Sheria iliwafunga wenye ardhi na mabaraza ya miji wote kuwaua panya, wakaguzi wakawekwa mpakani, watu wakafundishwa kutoa habari wakimwona hata mmoja. Mpaka leo panya wale hawajapata makao katika jimbo lile. Sisi hatuna majira ya barafu ya kutusaidia kama wao, wala hatusemi Eldoret itakuwa bila panya. Twasema ploti moja yaweza kuwa bila panya, kisha mtaa mmoja, ikiwa watu watafanya kazi siku moja kwa mpango mmoja.

Mnakumbuka hadithi ile ya baraza la panya. Walikutana, wakakata shauri kwamba paka afungwe kengele shingoni, wakashangilia sana. Kisha mzee mmoja akauliza nani atakayemfunga, na wote wakanyamaza. Tusiwe kama wao. Kazi hii haihitaji shujaa wa kumkabili mtu peke yake. Yahitaji vyumba 12, mitego, sementi, karatasi moja yenye sahihi 12, na Jumamosi moja.

Kila mwanachama asomaye haya, jioni hii na agonge mlango wa jirani, amwulize swali hili bila haya: "Kwako nako wako?" Akijibu ndiyo, mkutano wa ploti umekwisha kuanza.